Silinda ya Kumi na Mbili

Malindi nzima ya Unguja, tangu bandarini mpaka Funguni, hapakuwa na mtu aliyezijua meli za makontena kumshinda Bi Kidawa binti Ubwa. Mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema, arusini na matangani, popote palipokusanyika wanawake wawili wa kumsikiliza. Akishasema, alinyamaza kidogo ili neno liwaingie, kisha akalibomoa kwa mikono yake kabla hawajamtangulia: "Nimezijulia darini, nnaanika nguo. Meli niliyopanda mimi ni moja tu, ya Pemba, na nilianza kutapika kamba hazijafunguliwa."

Hata hivyo, haki ya kujisifu alikuwa nayo kidogo. Mwanawe wa mwisho, Mansour, alikuwa fundi katika meli ya makontena, tena si hivi vimeli vinavyokuja kutia nanga mbele ya mji vikasubiri zamu ya gati mpaka vikaota majani. Meli ya Mansour ilikuwa ndefu hata mtu akitoka mbele kwenda nyuma anafika na kiu. Unguja haijapata kuja na haitakuja. Kuitia katika bandari yetu ni kama kumtia nguru katika kikombe cha kahawa.

Kilichomtia shaka Bi Kidawa ni mikono ya mwanawe. Mafundi aliowajua yeye walikuwa na mafuta meusi kwenye kucha mpaka siku ya kuoshwa. Mansour alikuja likizo na mikono safi kama ya karani wa mahakama. Mama akamwuliza kama kweli ni fundi au anauza soda humo melini. Ndipo Mansour akamkalisha ukumbini akamweleza.

Injini yao, alisema, ina kimo cha nyumba ya ghorofa nne na silinda kumi na moja, na ndani ya kila silinda mtu anaweza kusimama na kofia yake. Lakini hakuna anayesimama kuilinda. Kila mahali pametiwa vidude vya kupimia: joto likizidi, mafuta yakipungua nguvu, maji yakivuja, moshi ukibadilika. Waya zinapeleka habari zote katika chumba kimoja chenye vioo vya kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua mafuta yaingie kiasi gani na wakati gani. Jioni wanafunga mlango wa injini, kila mtu anapanda chumbani kwake, na injini inabaki inajilinda yenyewe. Ikiona kasoro inapiga kengele kwenye chumba cha fundi wa zamu. Kazi ya Mansour ilikuwa kuviangalia hivyo vidude na hizo waya.

"Wenzangu wanaitibu injini mwili," alimwambia. "Mie nnaitibu fahamu zake."

Na watu wangapi wamo katika jahazi hilo la chuma? Ishirini na mmoja. Bi Kidawa alikaa akalipima jibu hilo. Nyumba yake peke yake, zamani, arusi ya bintiye Fathiya, ililaza watu arubaini.

"Sasa wewe unazungumza na nani?"

Mansour alicheka, ila alichelewa kidogo kucheka. Wenzake ni Wafilipino na Waukreni, watu wema, lakini wakimaliza kula kila mmoja anajifungia na simu yake. Kuna siku, alisema, kutwa nzima hatamki kitu isipokuwa tarakimu. "Mara nyengine naisemesha injini kwa Kiswahili."

"Inajibu?"

"Siku ikijibu, mama, ndiyo siku ya hatari."

Bi Kidawa hakumwambia kwamba na yeye alikuwa akilisemesha jiko.

Maana mtaa ulishahama. Nyumba ya kuliani ilikuwa imeuzwa ikageuzwa hoteli. Ya kushotoni ilianguka ukuta, wenyewe wakakimbilia Kwamtipura. Ya mbele ilifungwa kufuli miaka sita, familia nzima iko Dubai. Zamani ukipiga chafya nyumba tatu zinakuombea rehema kwa Mungu. Sasa ukipiga chafya, paka anakutazama kama umemkosea adabu. Watu walipita tele uchochoroni, lakini walikuwa watu wa kuburura masanduku ya magurudumu, wanaotazama juu kwenye roshani na kupiga picha. Bi Kidawa alishapigwa picha nyingi kuliko bibi arusi, na hakuna hata mmoja aliyembishia hodi.

Ndipo masika ya mwaka juzi akateleza kwenye ngazi, beseni mkononi. Alianguka adhuhuri, akalala chini ya ngazi mpaka alfajiri ya siku ya pili, alipopata nguvu ya kuligonga lile beseni sakafuni. Aliyesikia ni Khairat, msichana wa mapokezi pale hotelini. Mkono ulivunjika, nyonga ikanusurika. Mansour habari zilimpata meli inapita nyuma ya Madagaska. Kwenye ramani, alisema baadaye, kutoka pale mpaka Malindi ni upana wa kidole gumba, na hakuna mtu anayesimamisha makontena elfu kumi na nane kwa ajili ya mama wa fundi.

Likizo iliyofuata alikuja na sanduku.

Lilikuwa sanduku dogo jeupe, kiasi cha Msahafu, lina kitufe kikubwa, taa ya kijani na taa nyekundu. Alilitengeneza mwenyewe melini, na alilitundika kwenye msumari ukumbini, chini ya picha ya marehemu baba yake. Akaeleza lilikotoka. Kule chini, mtu akishuka peke yake kwenye injini baada ya mlango kufungwa, hubonyeza kitufe pale mlangoni. Tangu hapo, kila baada ya dakika ishirini na saba lazima abonyeze tena, kuonesha kuwa yu hai. Akipitisha dakika tatu zaidi, kengele inalia juu kwa nahodha, watu wanateremka kumtafuta. Mabaharia wanaiita kengele ya maiti.

"Kwa hiyo mimi maiti," alisema Bi Kidawa.

"Wewe mzima, mama. Ndiyo maana utabonyeza."

Dakika ishirini na saba zingemmaliza mwanamke wa miaka sabini na minne, basi Mansour alilifungamanisha sanduku na sala. Akishatoa salamu, abonyeze. Sala tano, mara tano, na muhula wa saa moja kwa kila sala. Akibonyeza, taa inabaki kijani na habari inafika melini. Asipobonyeza, inawaka nyekundu, na kompyuta ndogo ya Mansour inalia popote alipo baharini. Alimwonesha picha ya chumba chao: vioo vikubwa vyenye silinda kumi na moja zimepangwa safu, kila moja na joto lake, na pembeni, juu ya meza, kompyuta yake mwenyewe yenye mstari mmoja tu: MAMA – SAWA.

"Silinda ya kumi na mbili," alisema Mansour.

Hilo lilimpendeza Bi Kidawa kupita kiasi, akalitembeza katika matanga matatu.

Lakini lilikuja na sharti. Asitoke nje ila kwenda sokoni Darajani na kurudi, na ngazi ashuke mkono kwenye kamba. Na iwapo sanduku litaonesha kuwa hajiwezi, basi safari ni Maskati kwa Fathiya, dada yake Mansour, ghorofa ya tisa. Bi Kidawa alishakaa huko mwezi mmoja. Madirisha hayafunguki, na ukitazama nje unaona dirisha la mtu mwengine naye hafungui. "Huko hata inzi anaingia kwa kadi," alikuwa akisema. Akaapa atabonyeza.

Akabonyeza. Na hapo ndipo upweke ulipoanza kwelikweli.

Kabla ya sanduku, Mansour alikuwa akipiga simu kila alasiri. Umekula nini, mkono vipi, nani kafa, nani kaoa. Baada ya sanduku akapiga kila siku ya tatu. Kisha kila Ijumaa. Kisha Ijumaa nyengine zikapita hivi hivi. Haikuwa ubaya wa moyo. Mtu akishajua jibu hana haja ya kuuliza, na Mansour jibu alikuwa nalo mezani, kijani, mara tano kwa siku.

Badala ya simu ulikuja ujumbe. Kila akibonyeza, simu yake ilitetemeka: "Asante mama. Nimeona." Bi Kidawa alisoma skuli mpaka darasa la saba, na kuandika alijua, ingawa kidole kimoja tu ndicho kilichokubali kazi hiyo. Akajibu: "Nimekula ndizi na papa. Wewe umekula?" Alipobonyeza tena ukaja: "Asante mama. Nimeona." Akafurahi, mwanawe kaona. Akaendelea kumwandikia. Alimweleza paka wa hoteli alivyozalia kwenye kapu lake la vitunguu. Alimwuliza lini ataoa, au anangoja injini imposee. Na siku moja ya mvua alimwandikia jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote: kwamba siku ile chini ya ngazi aliwasikia watu wakipita nje wakicheka, angeweza kuita, lakini khanga ilikuwa imemvuka, akaona haya kuonwa vile na wageni, akanyamaza mpaka wakaenda zao.

"Asante mama. Nimeona."

Ilikuwa Khairat aliyemfumbua macho. Alipita kumsalimia asubuhi moja, na Bi Kidawa akamwonesha simu kwa maringo, kwamba tazama mwanangu asivyonisahau. Khairat akasoma, akapandisha juu, akateremsha, uso ukambadilika.

"Bibi, huyu si Mansour. Hili sanduku linajijibu lenyewe. Namba hii ya laini iliyomo humo ndani."

"Na niliyoyaandika mimi?"

"Yamo humo humo, bibi. Hayakwenda popote."

Bi Kidawa alilitazama sanduku pale ukutani, hatua nne kutoka kiti chake. Mambo yake yote yalikuwa mle, pamoja na khanga yake. Akamwambia Khairat kwamba hayo aliyajua zamani, alikuwa anajizoeza kuandika tu. Khairat akasema ndiyo, bibi, akaenda zake haraka kidogo kuliko alivyokuja.

Alasiri ile Bi Kidawa alisali, akatoa salamu, akakaa juu ya mswala. Hakubonyeza.

Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuona. Saa nzima alikaa akiitazama taa ya kijani kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike. Ikawaka nyekundu. Hajahesabu mpaka mia tatu, simu ikalia, na alipoipokea hakusikia neno. Alisikia mtu anahema. Mansour alikuwa ametoka chini kabisa kwenye jenereta mpaka juu panaposhika mtandao, ngazi tisa za chuma bila kupumzika, na pumzi haikumruhusu kutamka. Kisha akasema, "Mama."

Na Bi Kidawa, Mungu amsamehe, akafurahi.

Alimdanganya kuwa alikuwa msalani, tumbo. Mansour akamwuliza amekula nini, mkono vipi, nani kafa. Walizungumza robo saa, robo saa tamu kuliko zote za mwaka ule. Mwishoni Mansour akamweleza, bila hasira, kwamba ameacha kazi katikati na mkubwa wake amemsema mbele ya watu. Akasema vilevile kuwa alipokuwa anapanda zile ngazi alishamwona amelala chini, tena alimwona na rangi ya nguo yake. "Usinifanyie tena, mama. Ikiwaka nyekundu mara nyengine, nitajua hujiwezi kukaa peke yako. Nitampigia Fathiya akukatie tiketi siku hiyo hiyo."

Kwa hiyo kutobonyeza kukawa Maskati, na kubonyeza kukawa kimya. Bi Kidawa akabonyeza. Miezi minne alibonyeza mara tano kwa siku, na hakuthubutu kwenda hata mazikoni Mwanakwerekwe, maana sala ingemkuta njiani. Siku zake zikawa kama shanga za tasbihi, zote sawa, hujui uliyoshika ni ya ngapi.

Aliyemfungulia mlango ni umeme. Siku moja ulikatika tangu asubuhi, mji mzima ukabaki kunguruma majenereta, na Bi Kidawa akaona kuwa sanduku bado lina taa. Mansour, fundi hodari, alilitia betri, kwa kuwa aliijua nchi yake. Bi Kidawa akalishika, akalitikisa. Kijani. Akalitoa kwenye msumari, akaenda nalo jikoni. Kijani. Akapanda nalo darini, likatazama bahari pamoja naye. Kijani. Adhuhuri akalibonyeza huko huko juu, na simu ikatetemeka: asante mama, nimeona.

"Hujaona kitu," alisema Bi Kidawa, na kwa mara ya kwanza tangu mfungo mosi akacheka peke yake.

Mansour alikuwa amepima kila kitu. Alipima kama mama yake yu hai. Alisahau kupima mama yake yuko wapi, kwa sababu injini tangu kuumbwa kwa dunia haijapata kuchukua mkoba ikaondoka.

Siku ya pili alijaribu Darajani. Siku ya tatu mpaka Michenzani, akasali kwa rafiki, akabonyeza. Alhamisi akalitia sanduku na chaja yake ndani ya mkoba wa ukili, akalifunika kwa khanga mbili, akaenda Chwaka, pwani ya mashariki, kwa Bi Wanu.

Huyu Bi Wanu walikaa naye dawati moja skuli, kabla hajaolewa huko Chwaka. Alikuwa mjane naye, mkulima wa mwani, mwenye ulimi ambao samaki wakiusikia wanarudi kilindini. Alipoliona sanduku likitolewa mkobani na kuwekwa juu ya mto kama mtoto mchanga, alitaka kujua ni dawa ya nani. Bi Kidawa akamweleza kila kitu, isipokuwa ile habari ya khanga.

"Shoga, wewe unalichunga sanduku au sanduku linakuchunga wewe?"

"Tunachungana."

"Na mwanao akijua?"

"Atajulia wapi? Yuko Uchina huko na silinda zake."

Alikaa mpaka Jumamosi. Walikaa barazani na wanawake wengine watano wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba, wakimsema kila asiyekuwepo. Bi Kidawa hakuwa na mkono mwepesi, ule uliovunjika ulikuwa bado mzito, wakamcheka kamba zake kuwa zimefungwa na mtu wa mjini. Alikuwa hajachekwa kwa miaka miwili. Usingizi ulimjia kama zamani. Jumatatu iliyofuata, Malindi, ukumbini kwake, alijiona anasikiliza kama kuna mtu atakayemtukana.

Akarudi tena wiki ile, na wiki ya pili. Wanawake wa Chwaka wakalizoea sanduku. Muadhini akishamaliza na sala ikishasaliwa, mmoja lazima ataita toka upenuni kwake, "Bi Kidawa, ushabonyeza?" na mwengine atadakia, "Mwacheni, leo anataka kufa." Yeye anajibu nshabonyeza, nshabonyeza, mie mzima kuliko nyinyi. Mara moja alichelewa, na wakaja watatu, mikono ina mchanga, kumtazama kama yumo. Aliwakaripia kwa kumharibia usingizi. Walipoondoka alikaa kitandani muda, sanduku mapajani, hakujua machozi yale yalikuwa ya nini.

Safari ya nne iliangukia bamvua, maji yamekauka mbali, na wanawake wote walikuwa pwani. Ilikuwa Jumamosi. Bi Kidawa alisali adhuhuri juu ya khanga penye mchanga mkavu, akabonyeza, akaliacha sanduku kivulini kwenye rundo la kamba, akatia simu katika mfuko wa nailoni akauning'iniza shingoni, akaingia majini kwenye mistari ya mwani ya Wanu. Maji yalikuwa chini ya magoti. Wanu alikuwa mbali kidogo ameinama, anaimba kwa sauti ya kuogofya ng'ombe.

Simu ikalia kifuani.

Aliipapasa kwa vidole vyenye chumvi, na jina lililokuwa pale lilikuwa la Mansour. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama pwani. Taa ilikuwa kijani, aliiona kutoka pale. Ilikuwa kijani, na mwanawe amepiga. Hakuna kengele iliyolia, hakuna aliyemkimbiza ngazi tisa. Amepiga tu. Bi Kidawa alisimama katikati ya maji, akasema naam.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu, sijui wewe."

"Mie mzima. Uko wapi?"

"Nitakuwa wapi, baba? Nipo ukumbini, kwenye kiti changu."

Mansour akauliza amepika nini, na yeye akampikia hapo hapo, wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mchicha, akamtilia na pilipili. Mansour akasema anasikia upepo. Bi Kidawa akasema feni hilo, tangu litiwe mafuta linavuma kama kaskazi. Mansour akasema anasikia watu. Wageni wa hoteli, akasema Bi Kidawa, leo wamekuja jamii nzima, wanapiga kelele hawana hata haya. Uwongo ulimtoka mwepesi na wa moto, kama maandazi, na kila mmoja ulimpa dakika nyengine ya ile sauti.

Kisha Mansour akasema, polepole, kwamba ameteremka meli Kolombo juzi, amepanda ndege, hakutaka kumwambia ili iwe furaha ya ghafla.

"Nipo barazani kwetu, mama, tangu saa sita. Nimebisha mpaka mkono umeuma. Kijana mgeni wa mapokezi hapo hotelini keshanikaribisha mara mbili, anadhani nimekuja kupanga chumba. Na nimekaa hapa na sanduku langu la nguo, natazama kompyuta yangu, inaniambia mama sawa. Teremka basi unifungulie."

Jua lilikuwa utosini. Bi Kidawa aliiona baraza yao wazi kabisa, na mwanawe juu yake, na watu wanapita wanaburura magurudumu, hakuna anayemjua. Miezi kumi na minne hajamtia machoni. Kutoka Chwaka mpaka Malindi, akiipata gari sasa hivi, ni saa nzima na zaidi. Na Maskati ni karibu kuliko hapo.

"Nnakuja, baba," alisema, na akaanza kwenda kwa kasi kuelekea pwani, simu sikioni, khanga ameinua kwa mkono mzito. "Nnateremka. Ngoja tu, magoti yangu unayajua. Ngazi hizi nashuka moja moja, kama ulivyoniambia, mkono kwenye kamba."

"Taratibu, mama."

"Taratibu, ndiyo. Hii ya tatu hii. Hii ya nne."

Nyuma yake Bi Wanu aliinua kichwa, akamwona mwenziwe anakimbia, akakusanya pumzi zote alizopewa na Mola wake.

"We Kidawa, unakwenda wapi? Kamba zako zinachukuliwa na maji, na huyo kaa anakung'ang'ania khanga."

Bi Kidawa alisimama. Kaa alikuwepo kweli.

"Mama," alisema Mansour, "ngazi zetu siku hizi zina kaa?"